Siku Msuli Ulipolia na Kitenge Kikaanguka

Nikiikumbuka siku ile hadi leo nafunika uso kwa mikono, lakini kwa kuwa nusu ya mji wetu wa Kamembe imeshacheka, afadhali mnisikie mimi mwenyewe.

Mdogo wangu Juma alivunjika mguu, na plasta ilipotolewa akagoma kufanya mazoezi. Mimi dada yake mkubwa, yaya kama anavyoniita, ndiye mama na baba yake tangu wazazi wetu wafariki (shule niliiacha wakati huohuo, nikaanza kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni), na muganga wa mazoezi alinionya kwamba paja lisipopata nguvu, goti litabaki gumu maisha yake yote. Alikuwa na kimashine cha nyaya zinazobandikwa pajani: msuli ukikaza kinalia, ukikaza zaidi mlio unapanda, ukilegea kinanyamaza, kwa hiyo mtu anajikuta akivumilia zaidi kwa kuufukuzia ule mlio. Siku hiyo hospitalini Juma alikiliza kidogo tu, akalegea.

“Yaya, acha. Muntu hawezi hii.”

“Hawezi? Nibandikeni mimi!”

Hapo ndipo nilipojiharibia, maana asubuhi nilikuwa nimefunga kitenge harakaharaka juu ya kaptura ya marehemu Papa, baba yetu, ile yenye kiraka cha mfuko wa unga matakoni (KILO 25, herufi kubwa nyekundu). Wakanibandika nyaya, nikashika vyuma vya kujishikiza vya ukutani, nikakunja magoti nusu, mlio ukapanda, na kichwa changu kikapanda nao, nikakaza na kukaza mpaka nikahisi upepo mahali usipopaswa kufika.

“Maman, kikwembe!” akapiga kelele mzee mmoja kwenye benchi ya wagonjwa nyuma yangu.

Kitenge kilikuwa sakafuni. Ningeinama kukiokota, mlio ungekatika, na Juma angesema hata yaya ameshindwa. Basi nikauma meno, nikabaki palepale, benchi nzima ikinisoma.

“Kilo 25?” akauliza bibi mwenye bandeji mkononi. “Huyu balimupima mubaya!”

Nilishikilia mpaka miguu ikanikataa, nikaangukia kitenge changu. Ndipo nikasikia kicheko cha Juma, ambacho nyumbani hatukuwa tumekisikia tangu ajali.

“Leta nyaya,” akasema, akifuta machozi. Akakiliza kimashine, akalegea, akaomba tena.

Nimeapa kaptura ile haitatoka tena nje ya nyumba. Lakini sijaitupa: jioni Juma akinuna na kukataa mazoezi, naivaa, namgeuzia mgongo, na mguu wake unainuka.