Kumi Iliyoingia Mara Mbili

Mzee aliyenifundisha kazi alihesabu bakteria akiwa amesimama dirishani. Alikiinua kisahani cha kioo kwenye mwanga wa ziwa, na kila kijidoa alichokihesabu alikiwekea nukta ya wino upande wa chini ili asikirudie. Kisha alikaa, akachukua penseli na daftari, akapiga hesabu polepole. Sikuwahi kumwona akikosea.

Tulikuwa wawili tu katika maabara ile, ndani ya kiwanda cha minofu ya sangara, ufukweni Mwanza. Ni ile miaka viwanda vya watu binafsi vilipokuwa vinaota kandokando ya ziwa kama uyoga. Mzee alikuwa amefanya kazi serikalini tangu ujana wake, hadi alipopunguzwa pamoja na wenzake. Kwa umri wake, kupata nafasi nyingine ilikuwa bahati, na yeye alilijua hilo kuliko sisi sote. Watoto wake watatu walikuwa bado wanasoma huko Misungwi. Meneja akiingia, Mzee alisimama. Mimi nilikuwa binti kutoka Nansio, nimemaliza kidato cha sita juzijuzi, mjuaji, mwepesi wa kununa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kipande cha samaki kilisagwa na kuchanganywa na maji safi, halafu mchanganyiko huo ukazimuliwa tena na tena, kila hatua ukipungua nguvu mara kumi. Vijidoa vikishaota kwenye kisahani, unavihesabu, unazidisha kwa kumi yenye kipeo cha idadi ya hatua. Vijidoa arobaini na viwili, hatua tatu: 42 × 10³, yaani elfu arobaini na mbili. Ikivuka laki moja, samaki hawatoki kiwandani.

Asubuhi moja meneja akaleta kalkuleta mbili za kisayansi, moja yangu, moja ya Mzee. Akasema kuanzia leo penseli basi, kila jibu litoke kwenye mashine. Mimi nilishaizoea shuleni. Unabonyeza 42, unabonyeza EXP, unabonyeza 3, umemaliza, kwa sababu kitufe hicho kimeshabeba ile “mara kumi” ndani yake. Mzee alibonyeza kama alivyokuwa akiandika maisha yake yote: 42, mara, 10, ndipo EXP, ndipo 3. Kumi ikawa imeingia mara mbili, na jibu likawa kubwa mara kumi ya ukweli.

Nilimwona siku ileile. Nikafungua mdomo. Lakini wafungashaji wawili walikuwa mlangoni wakisubiri majibu, na mtu niliyekuwa nampa shikamoo kila asubuhi, aliyenishika mkono kunifundisha kushika kisahani, ningemwambiaje mbele za watu kwamba hajui kubonyeza? Nikasema nitamwambia tukiwa peke yetu.

Tukabaki peke yetu saa hiyohiyo. Sikumwambia. Wiki nzima sikumwambia. Samaki wa wiki ile walikuwa safi, hata majibu yake yaliyokuzwa hayakufika laki, nami nikajifariji kwamba hakuna kilichoharibika.

Jumatatu iliyofuata alikaa muda mrefu na kisahani kimoja. Alikuwa na daftari lake mapajani, chini ya meza. Akaniuliza bila kunitazama, “Eti mwanangu, mashine hii hukosea?”

“Haikosei, Mzee.”

Ndivyo nilivyomjibu. Akachukua raba, akafuta kitu kwenye daftari, akaandika laki nne na elfu ishirini kwenye fomu.

Shehena ikazuiwa, ndege ikaondoka bila samaki wetu. Meneja akapeleka kipande kingine cha shehena ileile kupimwa mahali pengine, na majibu yakarudi: safi kabisa. Akaja maabara na watu wake, akamwambia Mzee abonyeze mbele yao. Mzee akabonyeza vilevile, kwa kidole kimoja, kwa uangalifu mkubwa. Mmoja wao akacheka. Meneja akanigeukia.

“Na wewe, ulijua anafanya hivi?”

“Sikujua.”

Mzee hakuinua uso. Kesho yake alikuja kuchukua koti lake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kama siku zote, akanipa daftari akisema huenda likanisaidia. Mlangoni akageuka.

“Majibu yako yalikuwa sawa wiki nzima,” akasema. “Ungeniambia tu, mwanangu. Nisingekasirika.”

Nimeona haya mara nyingi maishani, lakini haya ya siku ile sijaimaliza. Kwa miaka nilijiambia kwamba nilinyamaza kwa heshima. Huenda ile siku ya kwanza ni kweli. Kwa meneja nilidanganya kwa woga, na jibu la Jumatatu hadi leo sijalipatia jina.

Alipoondoka nilikaa kwenye kiti chake, nikafungua ukurasa wa mwisho wa daftari. Raba yake ilikuwa kuukuu, haikufuta vizuri. Penseli ilikuwa imeacha alama kwenye karatasi, nami nikauinamisha ukurasa dirishani, kama alivyonifundisha kuinamisha kisahani, nikasoma: 42,000.

Alikuwa amepata. Akaja kuniuliza mimi, kisha akafuta.