Fundi Soud na Radhi ya Mama

Mwaka wake wa mwisho, Fundi Soud aliiranda nyumba yake mwenyewe. Alianza na meza ya kulia, akaja kwenye viti, kisha akaingia kwenye milango. Bintiye Sabiha akirudi kutoka shuleni alikofundisha, hapo hapo Makorora mjini Tanga, alikuta maranda yametapakaa ukumbi mzima. Aliweka mkoba chini, akashika ufagio. Nguvu za kugomba zilikuwa zimemwisha siku nyingi.

Mzee alikuwa na miaka sabini na minane na akili ilikuwa inamtoka, lakini mikono haikusahau kitu. Milango ya mvule aliyoitengeneza ujanani aliipunguza kidogo kidogo mpaka ikawa haishiki komeo. Sabiha akazificha randa juu ya kabati. Siku mbili mzee hakutia chakula kinywani. Alikaa tu akiupapasa ubao wa kitanda kwa kiganja. Siku ya tatu Sabiha akamrudishia randa zake, akamwomba jirani yao Msafiri, aliyekuwa akipasua mbao huko Maramba, awe anamletea vipande vya msaji visivyouzika. Hapo ndipo nyumba ikapumua.

Wanawe waliyajua machache kuhusu alikotoka. Alivuka kutoka Pemba mwaka sitini, kijana wa miaka kumi na sita, wakati huko ni nchi nyingine na huku ni nyingine. Hakuwa na ndugu Tanga. Fundi Ernesti, Mbondei aliyekuwa na karakana Ngamiani, alimpokea, akamlaza juu ya maranda, akamfundisha kazi. Kijana akaipenda kupita kiasi. Ubao aliunusa kwanza kabla ya kuukata. Mteja mwenye haraka alimwambia kwa upole aende kwa fundi mwingine. Hata siku ya Idi, akishaswali na kula, alionekana na kanzu yake akipitapita karakanani, anagusa hiki, anageuza kile. Marehemu mkewe, Bi Khadija, alikuwa akisema kwamba yeye ana mke mwenza, na mke mwenza huyo ni mti wa mvule.

Lakini habari za Pemba hakuzisimulia. Ukimuuliza, aliomba apewe penseli au futi, mazungumzo yakaishia hapo.

Miezi ya mwisho akawa hamjui Sabiha. Kuna siku alimwita bi mkubwa, akamuuliza kwa adabu mwenye nyumba atarudi lini. Sabiha alimjibu kuwa atarudi jioni. Alimlisha, akamfulia, akasahihisha madaftari ya wanafunzi, akalala na nguo alizoshinda nazo.

Asubuhi moja alikuwa akimwosha miguu. Darasa la saba walikuwa na mtihani wa majaribio siku hiyo, naye ameshachelewa. Mzee akamtazama muda mrefu.

"Mama," alisema, "nilikwambia nakwenda kisimani."

Sabiha alimuuliza kisima gani. Mzee akaeleza pole pole, kwa lafudhi ya kwao ambayo bintiye hakuwahi kuisikia kinywani mwake. Ilikuwa msimu wa karafuu, mama yake anaanika kwenye jamvi. Yeye hakuzitaka karafuu. Alisikia Tanga kuna mafundi wa mbao, na bandarini Wete kulikuwa na chombo kinaondoka. Akachukua ndoo kama anayekwenda kuteka maji, akaiacha ukingoni mwa kisima, akaenda zake. Baadaye sana, abiria mmoja aliyetoka kwao akamwambia kwamba ndoo ilipoonekana, watu walishuka kisimani na kamba kumtafuta, mama yake amekaa pembeni siku nzima. Na mama huyo alikwisha kufa, bila kupata hata barua moja ya mwanawe.

"Niradhie, mama," alisema mzee.

Sabiha alikamua kitambaa. Radhi ni ya mzazi mwenyewe, haiazimwi. Maji kwenye beseni yalikuwa yamepoa na saa ukutani ilikuwa inakwenda.

"Radhi zangu unazo, mwanangu," alisema. "Sasa inua mguu."

Akauinua. Hakuomba radhi tena mpaka alipofariki, wiki saba baadaye, Alhamisi baada ya alasiri.

Siku ya hitma, Abdulghani, ndugu yake Sabiha aliyekuja kutoka Dar es Salaam, alimsikia akiyasimulia hayo jikoni wakati wa kuosha vyombo. Akamwambia amefanya vyema, baba yao amekwenda ametulia.

"Sikufanya kwa wema," alisema Sabiha. "Nilikuwa nimechelewa kazini."

Abdulghani alichukua kitambaa, akaanza kukausha sahani. Kisha akauliza huyo bibi yao aliitwa nani, wamwombee dua. Wakatazamana. Hakuna aliyejua.

Kesho yake Sabiha alitafuta, simu baada ya simu, mpaka akampata Bi Tabia wa Wete, ajuza aliyekuwa binamu ya baba yao. Akamwamkia shikamoo, akauliza. Bi Tabia akajibu kwamba aliitwa Kijakazi binti Hatibu, na kwamba kisima kile kilishafukiwa zamani.

Sabiha aliliandika jina nyuma ya daftari, akajinyoosha kitandani, ingawa ilikuwa saa tano ya mchana. Alikusudia kumsomea bibi yake Fatiha mara tatu. Ya kwanza ilipoisha usingizi ukamchukua.