Siku Gari Langu Lilipomsalimu Mama Mkwe

Kama wewe ulioa kwa amani, shukuru Mungu wako na usinicheke sana. Mimi mpaka leo nikifika kule Navakholo watoto hunipisha njia, hata nikija kwa miguu, na kuna watu wazima ambao hawajui jina langu, wananijua tu kama yule mkwe aliyeingia jikoni na gari. Nimeificha aibu hii vya kutosha, sasa naianika nje, labda itakauka.

Mzee Makokha, baba yake mchumba wangu Nanjala, alikuwa amemwambia binti yake mapema kabisa kwamba yeye hana haja na mkwe wa maneno mengi wala wa suti, anachotaka kuona ni kama huyo kijana anajua kutunza kitu, maana asiyetunza kitu chake hawezi kutunza binti wa mtu. Na asiporidhika siku ya kwenda kuzungumza mahari, basi mazungumzo yangengoja mpaka baada ya mavuno (mahindi yenyewe yalikuwa hayajapandwa). Nanjala aliponiambia hivyo sikulala vizuri. Nilimpenda, na bado nampenda, na nilikuwa nimechoka kumsindikiza hadi stendi kila Jumapili jioni kama mgeni.

Sasa, kitu changu cha kuonyesha utunzaji kilikuwa kimoja tu, gari langu, saluni nyeupe ya gia za kujibadilisha zenyewe, zee kumshinda Nanjala mwenyewe, lakini lilikuwa linawaka kila asubuhi bila kusukumwa na mtu. Na mnajua huku kwetu mwanamume akikuona na gari, salamu ya kwanza ni mulembe, ya pili ni fungua boneti tuone. Hakuna anayejua anatafuta nini humo ndani, lakini ataweka mikono kiunoni, atainama, ataguna, kisha atakuambia tatizo ambalo hukuwa nalo. Nilijua wakwe wataifungua hiyo boneti, kwa hiyo asubuhi ya siku hiyo, pale kwangu Amalemba, nikiwa nimeshavaa suti na namngoja baba mdogo Andayi, aliyekuwa msemaji wetu, nikaona heri niipanguse injini kidogo ing'ae.

Balaa lote lilianzia kwenye hicho kitambaa.

Nilikuwa nasugua kwa bidii, mpaka kipaipu kidogo cha mpira, kifupi kama kidole, kikakatika na kubaki mkononi mwangu. Nikatafuta kimetoka wapi, sikuona, kila tundu lilikuwa linafanana na mwenzake. Mtu mwenye akili angemwita fundi. Mimi nikajiambia kitu kidogo namna hii hakiwezi kuwa na kazi kubwa, pengine wenye kiwanda walikiweka kwa urembo, nikakitia mfuko wa koti nije nimuulize fundi wiki ijayo.

Nilipowasha, gari likanguruma kama posho mill inayosaga mahindi, likawa linatetemeka mpaka vioo vinagongana, na mguu wangu hata haukuwa kwenye mafuta. Baba mdogo akafika na shangazi, wakasimama mbali.

"Mbona inalia hivi?" baba mdogo akauliza.

"Inapasha moto, Baba," nikamjibu.

Tulipofika kwenye barabara ya vumbi ya Navakholo ilikuwa bado inapasha moto. Gari lilikuwa linajiendea lenyewe, kazi yangu ikawa ni breki tu, na shangazi huko nyuma alikuwa ameacha kuongea akaanza kuomba. Niliposimama kumpisha ng'ombe mmoja, ng'ombe ndiye aliyetupisha.

Kwa Mzee Makokha walitusikia kabla hawajatuona. Wanaume walitoka nje wote. Mama mkwe, kwa adabu, alijitenga jikoni upande wa nyuma, maana kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawakai pamoja, hawatazamani machoni, na jiko lake ni mahali ambapo mkwe hakanyagi hata kama nyumba inaungua. Mimi adabu hizo nilikuwa nimefundishwa upya wiki nzima. Ila hakuna aliyelifundisha gari.

Nikaogopa kuzima injini, nikiwaza ikikataa kuwaka mbele ya watu hawa nimekwisha. Nikaiacha inanguruma. Hapo ndipo mmoja wa wajomba wa Nanjala akasema ile sentensi, "Hebu fungua boneti."

Ndugu zangu, mazungumzo ya mahari yalikufa hapo hapo. Viti vilikuwa vimepangwa, soda zimefunguliwa, na hakuna mwanamume aliyekaa. Mjomba wa kwanza akasema ni plagi. Mwingine, ambaye nilikuja kuambiwa baadaye kwamba hajawahi kumiliki hata baiskeli, akasema, "Hiyo si plagi, hiyo ni kabureta, hizi gari za zamani zinasumbuanga hivyo." Mwingine akashika sikio akasema, "Sikia vile inamiss, hiyo injini imekufa, sema tu pole." Baba mdogo, msemaji tuliyemleta mbali yote hiyo kwa ajili ya ulimi wake, naye alikuwa ameingiza kichwa chini ya boneti akisema gari limelogwa na jirani yangu. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikasimama na suti yangu kama mheshimiwa anayefungua daraja, nikatangaza kwamba shida ni mafuta ya siku hizi, wanayachanganya, mimi gari langu nalitunza sana, nalipangusa kwa mkono wangu mwenyewe.

Mzee Makokha alisimama kando, mikono nyuma.

"Ingia uweke gia tuone kama itapunguza kelele," mjomba wa kabureta akaniamuru. Nikaingia, nikakanyaga breki, nikaweka gia, nikavuta na breki ya mkono. Kelele ikapungua kidogo, watu wakashangilia kama wameitengeneza. "Kuja sasa uone huku, kuja haraka," akaniita, nami kwa furaha nikaruka nje. Gia nimeiacha palepale.

Breki ya mkono (nayo ilikuwa na umri wake) ilivumilia kidogo tu. Kisha gari likaondoka. Halikukimbia, lilitembea kama mzee anayejua anakoenda, boneti ikiwa wazi, likakata uani, likaangusha kamba ya nguo, likapita katikati ya migomba, likaelekea jikoni. Nikalikimbiza. Nyuma yangu wanaume wote walikuwa wanakimbia na bado wanabishana, maana nilisikia vizuri mtu akihema na kusema, "Niliwaambia ni kabureta."

Niliwahi kuingia na kukanyaga breki wakati pua ya gari imeshapita mlangoni, imebomoa kizingiti na kupindua mafiga, na sufuria ya ingokho, yule kuku wa wageni, imelala ubavu. Boneti ikaanguka yenyewe, pwaa, na mbele yangu, upande wa pili wa kioo, akasimama mama mkwe, mwiko mkononi, tunatazamana macho kwa macho. Nikataka kujificha. Katika kujificha kiwiko changu kikaegemea honi.

Ndiyo, nilimpigia honi.

Mama mkwe akavuta leso akafunika uso, akageukia ukuta, na akauambia ukuta, taratibu, kwa sababu kuniambia mimi ni mwiko, "Mwambieni mgeni kwamba sebule iko upande ule."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikazima gari, nikatoka, jasho linanitiririka, Nanjala amesimama kwenye migomba, mikono kichwani. Nikaingiza mkono mfukoni nitoe leso nijipanguse uso. Leso ikatoka, na kipaipu nacho kikatoka, kikaanguka, kikabingirika mpaka kwenye kiatu cha Mzee Makokha.

Akainama akakiokota. Akakitazama, akalitazama gari, akanitazama mimi.

"Kilikuwa mfukoni?" akauliza.

"Ndiyo, Mzee."

"Nilisema nataka mtu wa kutunza vitu," akawaambia watu. "Huyu ametunza. Ametunza mfukoni."

Walicheka mpaka mjomba wa kabureta akakaa chini. Chakula kikawa obusuma, yaani ugali, na mboga, maana kuku alikuwa na majivu. Mahari haikuzungumzwa. Tulipoaga nikamwomba Mzee kipaipu changu, akakitia mfuko wa shati lake na kufunga kifungo.

"Hiki kinabaki," akasema. "Gari pia. Utakuja na fundi, na udongo wa kukandika jiko."

Tulirudi kwa bodaboda, shangazi katikati yangu na dereva, na mimi nalia kimyakimya mgongoni mwake kwamba nimemkosa Nanjala. Tuliposhuka Amalemba baba mdogo, aliyekuwa kwenye bodaboda ya mbele, akanishika bega. "Acha kulia. Mtu hashikilii kitu chako kama hataki urudi."

Nilirudi. Nilikandika lile jiko kwa mikono yangu, kutoka nje, na mama mkwe alikuwa anauambia ukuta mahali nilipokosea. Sasa ni mke wangu, huyo Nanjala, na gari tunalo bado, ila boneti nimeapa sitaifungua tena mbele ya mwanamume yeyote, na nikiona kitu kidogo nisichojua kazi yake, nakiacha hapo hapo nilipokikuta. Mke wangu hunikagua mifuko kila tukienda kwao.