Kusugua Vyungu Ndani ya Mtumbwi

Kijiji chetu kilibanwa kati ya milima na ziwa. Nyuma ya nyumba mlima ulisimama wima, na hatua chache mbele ya mlango maji yalianza. Aliyetaka kwenda popote alikwenda kwa mtumbwi. Mimi niliishi pale hadi nikawa mke wa mtu na mama wa mtoto mmoja, na miaka yote hiyo sikwenda popote, isipokuwa mara moja.

Nilipokuwa mdogo, sidhani kama nilikuwa nimefika miaka sita, mama na mjomba, kaka yake, walinichukua kwenda soko la Lyulilo kubadilisha vyungu kwa chakula. Tulikuwa katikati ya safari mwera ulipovuma, ule upepo wa kusini unaoinua mawimbi kwa ghafla. Maji yakaanza kuingia. Mama na mjomba waliacha makasia wakawa wanatupa vyungu ziwani ili mtumbwi uwe mwepesi. Tulifika salama, hakuna aliyedhurika. Lakini niligeuka nikaviona vyungu vyetu vikielea nyuma, midomo juu, vikipanda na kushuka kama vichwa vya watu tuliowaacha. Wakati wa kurudi mama alinifunga mgongoni, uso nimeuficha kwenye nguo yake. Tangu siku hiyo sikukanyaga tena mtumbwi.

Watu walinizoea hivyo. Kwetu wanawake wote hufinyanga, na vyungu vyangu vilisifiwa. Mimi nilibaki, vyungu vikasafiri. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alivipeleka sokoni, akarudi na mahindi na ndizi, na mimi nikamsubiri ufukweni kumuuliza habari za vyungu kama mtu anayeuliza habari za watoto.

"Yule aliyechukua kile kikubwa alisemaje?"

"Alisema ndaga fijo."

"Basi?"

"Ndiyo asante sana ya kwao, wifi. Ulitaka akuimbie?"

Nyakati hizo Mjerumani alikuwa na boma lake huko juu, na mara moja moja tuliona moshi wa meli yake ukipita mbali, polepole, kama mawazo ya mtu mwingine. Nilikuwa nikiutazama mpaka ukapotea. Sikujua ulikotoka wala ulikokwenda, na sikuwahi kufikiri kwamba naweza kuuliza.

Kisha siku moja wifi alirudi amebadilika. Alisema karibu na Lyulilo misheni wameanzisha darasa la wanawake, siku ya pili baada ya Jumapili, na yeye amekwisha kukaa humo mara tatu. Nilikuwa na chungu kibichi mapajani. Akachora kitu ubavuni mwa chungu kwa ukucha, mstari ulionyooka na mwingine uliopinda.

"Hii ni sauti," alisema. "Ukiiona, mdomo unajua la kufanya."

Akaitamka. Nami nikaitamka. Alipoondoka nilipaswa kulainisha ule udongo, lakini nilikaa nao hadi jua lilipozama nyuma ya maji. Usiku niliota nimesimama ufukweni na kila kokoto ina mchoro wake, zote zinasema, nami sisikii.

Asubuhi nilimwambia wifi, "Nataka kuja. Lakini siwezi kupanda."

Hakucheka. Aliniambia nibebe vyungu vyangu na jiwe la kusugulia, nikasugue ndani ya mtumbwi wake.

"Mtumbwi umevutwa mchangani," alisema. "Hauendi popote."

Basi nikakaa humo. Siku ya kwanza nilisugua chungu kizima bila kuinua macho. Siku ya pili vivyo hivyo. Ukisugua chungu, jiwe linakwenda na kurudi, udongo unaanza kung'aa, na akili inatoka kutembea. Mwanangu alicheza na bibi yake pembeni. Siku zilipita, sikuzihesabu. Asubuhi moja niliona mwanga ukicheza juu ya chungu, mwanga wa maji, na mkono wangu ukawa unapanda na kushuka wenyewe. Nikatazama. Mtumbwi ulikuwa unaelea, umefungwa kwa kamba kwenye jiwe, na wifi amesimama majini hadi kiunoni ameushika.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Tangu juzi. Nimekuwa nikikusukuma kidogo kidogo."

Nilitaka kukasirika. Niliendelea kusugua.

Tuliondoka kulipopambazuka, siku ya darasa. Mume wangu, mtu wa maneno machache, alitusukuma akasema tu, "Kaeni katikati." Ziwa lilikuwa limelala. Milima ilisimama pia ndani ya maji, kichwa chini, na sisi tukapita juu ya vilele vyake. Nilishika kingo mpaka vidole vikafa ganzi. Wifi akanipa kasia la pili. Alisema mikono isiyo na kazi ndiyo inayoogopa.

Tulipofika mbali na nchi kavu niliona moshi ukitoka majini, mweusi, mrefu kupita mti wowote. Nikadhani ni meli. Wifi akasema ni wale wadudu wadogo wa ziwa, wanaopanda kwa maelfu, na wanakuja upande wetu.

"Funga mdomo, jifunike uso. Usiache kupiga kasia."

"Nitajuaje tunakokwenda?"

"Sikiliza kasia langu."

Wakatufunika. Walikuwa laini kama majivu, wakijaa masikioni na shingoni. Ziwa halikuwepo tena, wala mbingu, wala mtumbwi. Palikuwa na mlio mmoja tu wa kasia likiingia majini, na mimi nikitia langu baada yake. Sijui ulipita muda gani. Ilikuwa kama kutembea usingizini huku umeshikwa mkono. Mwanga uliporudi nikafungua macho, na ufukwe wa Lyulilo ulikuwa karibu, watu wakishusha ndizi. Ndipo nikagundua kwamba nilikuwa nimesahau kuogopa.

Darasani hofu ilirudi. Mwalimu, mtu wa kwetu mwenye sauti ya upole, aliniita nichore mchangani mbele ya wanawake wote. Nilisema sijui.

"Anza na unayoijua," alisema.

Nikachora ile sauti ya ubavuni mwa chungu. Nikaitamka. Wanawake wakaitikia kwa pamoja.

Ilinichukua masika mawili kusoma bila kuongoza neno kwa kidole. Hofu haikuniacha kabisa. Mwera ukivuma, hadi leo hurudi nyuma kutoka majini, na siku nyingine niligeuza njia nikarudi nyumbani bila aibu. Lakini siku zilizotulia nilikwenda, kwanza na wifi, baadaye mwenyewe na kasia langu. Mama alipozeeka alipenda nikae mlangoni nimsomee jioni. Alikuwa akifumba macho, nami nilidhani amelala, nikanyamaza.

"Endelea," alisema. "Nakusikia."