Siku Matulo Ilipojikana

Ukitaka kumkasirisha mulamwa wangu Nyaruai, mwambie ati alikuja kijijini kwetu Matulo kutafuta pesa. Huyu ni mke wa kaka yangu Khisa, binti ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kule Endebess, na angeweza kubaki kwao akinywa chai nzito hadi azeeke. Badala yake alisomea unesi Kitale, akaolewa kwetu, akakuta kina mama wanajifungulia jikoni kwenye moshi. Basi akamshika kaka yangu shati, hawakupumua, mpaka kliniki ikasimama pale walipopanga kujenga nyumba yao. Wao wenyewe hadi leo wanalala kwenye nyumba ya udongo. Mimi Phelista ndiye ninayefagia hapo, napika uji wa waliojifungua na kugombana na wanaoruka foleni. Kugombana ndiyo kazi ninayoiweza zaidi.

Bima ya afya ya zamani ilipoondolewa na ile mpya kuingia, kila mtu aliambiwa ajisajili upya kwa simu. Sasa hebu niambie, kukhu wa watu, bibi kizee ambaye simu pekee anayoijua ni ile ya mjukuu aliye Nairobi, atajisajili na nini? Nyaruai aliwasajili mwenyewe, jioni baada ya kazi, na kwa kuwa hawakuwa na nambari, alitumia yake. Usajili wenyewe ulikuwa na maswali ya ajabu. Paa lako ni la mabati au nyasi? Choo ni cha aina gani? Una ng'ombe? Majibu hayo ndiyo yaliyotumika kukadiria kila nyumba itachanga kiasi gani. Watu walijibu wakijikuna vichwa, na lile swali la ng'ombe halikumpendeza mtu hata kidogo.

Kwa muda mambo yalienda vizuri. Mama mjamzito alikuja, akaweka kidole kwenye mashine ya bima, akazaa, akaenda zake. Halafu asubuhi moja mashine ikakataa kila kidole. Tulipopiga simu ofisi ya bima Bungoma, tuliambiwa kliniki yetu imesimamishwa. Wagonjwa chungu nzima walikuwa wanatumia nambari moja ya simu, kwa hiyo tulishukiwa kuwa na wagonjwa hewa, yaani watu ambao hawapo duniani ila kwenye kompyuta. Mkaguzi angekuja kuwatafuta. Asipowapata, mkataba unavunjwa na wodi ya kuzalishia inafungwa.

Nyaruai hakulala vizuri wiki hiyo, na mimi namjua, huyo hulala hata radi ikipiga. Alijua wodi ikifungwa wanawake watarudi jikoni, na si wote watatoka huko wakiwa hai. Nilimshauri tuwakusanye watu wote uwanja wa kanisa, mkaguzi awaone kwa macho yake. Aliona ni wazo zuri.

Mkaguzi alikuja. Aliitwa Rotich, mtu mrefu, mpole, viatu vinang'aa mpaka nikamhurumia kwa matope yetu. Alikataa habari ya mkusanyiko. Alisema umati unaweza kukodishwa kama viti vya harusi, kwa hiyo yeye atachagua majina mwenyewe na kwenda nyumba hadi nyumba bila mmoja wetu kumfuata. Nyaruai alitabasamu, akasema aende tu, atawapata.

Yaliyotokea huko niliyasikia baadaye, na hadi leo nikiyakumbuka nakosa kujua nicheke au nimchape mtu. Rotich alisimama kwenye boma la kwanza akiwa na kishikwambi mkononi, akataja jina la mtu, la kwanza mpaka la mwisho. Hapo hapo habari ikaruka ua, ikamtangulia: kuna mtu wa bima amekuja kuhesabu ng'ombe na mabati ili ada zipandishwe. Kabla hajafika boma la tatu, ng'ombe wa Matulo walikuwa wanaswagwa mtoni kama kuna vita.

Alimkuta Matthew Wekoye, fundi wa baiskeli, spana mkononi, akamwuliza kama anamjua Matthew Wekoye. Matthew akafikiri kidogo, akasema huyo alihamia Uganda. Mke wake Edinah, tumbo hili hapa, siku zimetimia, alisema Edinah ni dada yake aliyeolewa Sirisia. Na mama yangu mzazi, Nabwile, kiongozi wa akina mama kanisani, mkwe wa nesi mwenyewe, alimwambia Rotich kwamba Nabwile alifariki, Mungu amlaze pema. Petro alimkana Bwana. Sisi tulijikana wenyewe, na mchana peupe.

Rotich alirudi alasiri mvua ikianza, akaketi kwenye benchi letu. Kilichoniuma ni kwamba hakuwa na kiburi.

"Sista," alisema, "nimetafuta kwa nia njema. Hakuna hata mmoja, wote naambiwa wamehama au wamekufa. Mvua ikiacha nitaenda Bungoma kuandika ripoti."

Nyaruai aliingia wodini akaanza kutoa mashuka vitandani, moja baada ya jingine, anayakunja. Nilimfuata nikamwuliza anafanya nini. Aliniambia bila kunitazama kwamba miaka yote hii alidhani amekuwa mtu wa hapa, kumbe bado ni mgeni wa Endebess, na siku ya shida wamemkana. Nilichukia kijiji kizima, nikaona hata uji wangu walikunywa bure.

Tukiwa hapo, bodaboda ikaingia uani ikiteleza. Matthew alikuwa amemshikilia mkewe kwa nyuma, wote wameloa chapachapa. Matthew alianza kumwita sista, akamwona Rotich kwenye benchi. Rotich alisimama polepole, akamwuliza kama si yeye aliyesema Matthew yuko Uganda. Matthew akatazama paa, akatazama mvua. Lakini uchungu wa kuzaa haujui mambo ya kuigiza.

"Mimi ni Edinah," mwanamke alisema kwa meno yaliyobana. "Huyu ndiye Matthew. Ng'ombe wako mtoni. Waandike wote, lakini niacheni nizae."

"Ng'ombe gani?" Rotich aliuliza.

Hapo ndipo ukweli ulipomwagika. Nyaruai hakungoja kuusikia wote, tayari alikuwa na glavu mkononi, anamwingiza Edinah ndani. Matthew ndiye aliyeachwa aeleze, jasho na maji ya mvua vikishindana usoni. Rotich alisikiliza akiwa ameuma midomo, mwishowe akacheka mpaka akashika ukuta. Alisema hakuja kwa ajili ya ng'ombe wa mtu, alikuja tu kuona kama wako hai.

Sikungoja. Nilijifunika gunia kichwani nikatoka mbio kwenye mvua. Boma hadi boma niliwaambia jambo moja tu, kwamba sista anatoa mashuka vitandani kwa sababu yao. Sikuhitaji hata kutukana, na nilikuwa nimejiandaa vizuri sana kutukana.

Walikuja. Walikuja na matope hadi magotini, vitambulisho vimefungwa kwenye karatasi za nailoni. Mama yangu alitangulia. Rotich alimtazama, akamwuliza kwa heshima kama Nabwile si yule aliyefariki. Mama akamjibu kwamba amefufuka, akaweka kidole kwenye mashine yake, mashine ikamkubali. Mzee mmoja alikuja anavuta ng'ombe kwa kamba, ati aandikwe naye. Kila mtu alitaja jina lake lote kwa sauti, na kila mmoja alitoa nambari ya simu ya mwanawe au jirani iwekwe badala ya ile ya Nyaruai.

Mama yangu hakwenda kuketi. Alimsogelea Rotich.

"Hesabu ng'ombe, mwanangu, hesabu na mabati. Choo nenda ukakione mwenyewe. Ada ikipanda, ipande. Lakini huyu msichana wetu haendi popote."

Nyaruai alikuwa amesimama mlangoni amembeba mtoto wa Edinah, msichana mwenye mapafu ya kondakta. Alisikia kila neno. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, mikono ilikuwa na kazi. Matthew alipokea mwanawe, na watu wakatulia kumtazama Rotich, aliyekuwa anabonyeza kishikwambi chake. Alikibonyeza mara ya mwisho, akainua kichwa, akatangaza kwamba kliniki imefunguliwa na mkataba uko palepale. Halafu akasema kwamba kwa sheria lazima aulize swali moja kabla hajaondoka.

"Sista, hawa wote ni watu wako?"

Nyaruai alimjibu kwa Kibukusu, lugha yetu, kwamba ndiyo, ni wake wote, pamoja na waliofufuka. Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Rotich aligeuka akaniuliza amesema nini, nami nilikuwa nalia, sikuweza kumtafsiria.