Sufuria Yenye Masizi

Nilikulia Élisabethville, penye robine, bomba la maji, mwisho wa barabara, kwa hiyo nilipoolewa huko juu kwenye uwanda wa ng'ombe nilidhani maji ni maji tu. Siku ya kwanza nilichovya sufuria yenye masizi kwenye chemchemi. Mama mkwe alininyang'anya, akaimwaga mbali, akanuna hadi jioni. Chemchemi huchotwa kwa kibuyu kisafi, na unaingia pekupeku. Nilimcheka kimoyomoyo.

Nchi ile ni ngumu. Mwezi wa saba, asubuhi, nyasi huwa nyeupe kwa baridi. Mwezi wa tisa ni vumbi na majivu. Karibu nasi maji yalikuwa ndani ya mushitu tu, kile kichaka cha miti mirefu kinachofunika chemchemi.

Msimamizi wa shamba la ng'ombe, Mzungu, akauzungushia mushitu waya wa miiba. Mlinzi akatutuma mtoni, mwendo wa nusu siku.

"Mayi iko ya bangombe," alisema, macho chini.

"Bangombe bakunywe," mama mkwe akajibu. "Na siye tutakunywa."

Akainua waya, akapita. Nikamfuata, gauni langu la mjini likachanika, nami sikujali hata kidogo. Tulipita hivyo kila asubuhi.

Kisha msimamizi akaamua kuwa kichaka kinawazuia ng'ombe. Akakata miti yote, akajenga birika la saruji. Mama mkwe alimwambia waziwazi: "Bwana, ukikata kivuli, mayi itaenda." Msimamizi alicheka, kama nilivyocheka mimi. Kabla ya mvua birika lilikuwa kavu.

Hapo ndipo alipokuja mlangoni kwetu na mabuti yake. Alikuwa ameona mitungi yetu imejaa. Ipo chemchemi nyingine, ndogo, chini ya miamba, na miti yake ilikuwa haijaguswa. Mama mkwe alikuwa amenionyesha mimi peke yangu. Tukimwonyesha msimamizi, ataweka waya. Tukikataa, mume wangu, mchungaji wa ng'ombe wake, atafukuzwa kazi. Niliogopa, na woga wenyewe ukanikasirisha.

"Munatosha mayi wapi?" aliuliza, akitaka kujua tunakochota.

Kibuyu kilikuwa mkononi mwangu, kinadondosha maji miguuni pangu. Nikamtazama usoni.

"Hatujue, bwana."

Alimfukuza mume wangu siku ile ile. Wiki iliyofuata ng'ombe, kwa kukosa maji, waliswagwa kwenda mbali, na sisi tukabaki, tukalima. Miaka imepita, na hadi leo sijampeleka pale mtu yeyote aliyekataa kuvua viatu.