Kioo Kinang'aa, Flashi Haiingii

Hivi kompyuta isiyo na tundu la flashi unainunulia shule ya nini? Juzi nilikwenda Ihanda kuchukua matokeo ya mpwa wangu. Wazazi tumekaa benchini tangu asubuhi, matokeo yote yamo kwenye flashi, na kompyuta mpya ya shule, toleo lililosanifiwa upya, ina vitundu viwili vyembamba tu. Ile ya zamani mkuu wa shule aliiacha dukani Tunduma ili apunguziwe bei.

"Lakini tazameni kioo!" mkuu alisema, akikifuta kwa mkono wa koti.

"Kinang'aa kweli, mkuu," mwalimu wa jiografia akaitikia haraka.

Mwalimu wa taaluma akainua flashi juu kama refa mwenye kadi nyekundu. "Na matokeo ya watoto niyaingizie wapi? Puani?"

Mama mmoja akauliza bei. Alipotajiwa, akashika kichwa. "Kahawa yangu ya msimu mzima hiyo! Na haina hata mlango?"

Mkuu akatuambia wazazi tujifunze kwenda na wakati. Nilichemka kwa hasira. Tunalipa zaidi ili tupunguziwe matundu, halafu anayeuliza ndiye mshamba!

"Basi muuzaji ndiye aliyenidanganya," mkuu akajitetea alipoona tumekasirika.

"Ngoja nimpigie," mwalimu wa taaluma akajibu, simu tayari sikioni.

Mkuu akamshika mkono. "Usipige, madamu. Aliniuliza kama bado tunatumia flashi. Nilimwambia tulishaacha zamani. Niliona aibu."